Wilayani kwetu kuna upungufu wa walimu, au upungufu wa watu wa kuwatua walimu kazi zisizo zao?

Chaki Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Kila bajeti ya elimu ikisomwa Dodoma wimbo ni ule ule: walimu hawatoshi. Sibishi. Nenda shule ya pembezoni ukute darasa la kwanza lina watoto mia na ushee, wakati kiwango ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja, utaamini mwenyewe. Ila kuna hesabu nyingine ambayo bungeni sijawahi kuisikia, wala kwenye vikao vya wadau wa elimu ambavyo posho yake huwa inawahi kuliko ajenda. Ukiwaondoa walimu, shule ya msingi ya serikali ina watumishi wangapi?

Kwa shule nyingi jibu ni sifuri. Karani hakuna. Mhasibu hakuna. Mtunza stoo hakuna. Nesi ndiyo usiseme. Mlinzi yupo, lakini si mtumishi wa mtu, analipwa na michango ya wazazi ikipatikana. Mpishi vilevile, kama shule ina chakula.

Sasa panda juu uone watu walivyo wengi. Kwenye kila halmashauri, na ziko 184, kuna Afisa Elimu Awali na Msingi na kuna Afisa Elimu Sekondari, kiti kilichozaliwa 2009 sekondari ziliposhushwa halmashauri. Chini yao kuna wa taaluma, wa takwimu na vielelezo, wa elimu maalumu, wa elimu ya watu wazima. Kwenye kata yupo Afisa Elimu Kata, ambaye wazee bado wanamwita mratibu. Pembeni kuna mdhibiti ubora, ambaye ofisi yake iko hapo hapo wilayani lakini taarifa zake zinakwenda Wizara ya Elimu. Kuna Tume ya Utumishi wa Walimu iliyoundwa na Sheria Na. 25 ya 2015, hao ndio wa madaraja na nidhamu. NECTA, baraza la mitihani, nao wana mambo yao. Na TAMISEMI, ofisi ya serikali za mitaa, ndiyo yenye shule.

Siwasemi vibaya hao watu, wengi ni walimu wenzetu waliotoka darasani. Ninachosema ni kwamba kila mmoja wao anahitaji taarifa, na taarifa zote hizo anajaza mtu mmoja, mwalimu. Usajili na uhamisho wa wanafunzi kwenye PREM ni mwalimu. Fomu za TSM, zile za takwimu za shule, ni mwalimu. Hesabu za shule kwenye FFARS ni mwalimu. Ukitaka kununua rimu za karatasi, tangu 2023 kuna NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali, ni mwalimu huyo huyo. Kujipima utendaji kwenye PEPMIS, mwalimu. Vile vishikwambi vya sensa ya 2022 tulipogawiwa tulishangilia, kumbe ndiyo mifumo ilikuwa inatufuata mpaka kitandani.

Na pesa yenyewe tunayoitolea jasho ni hii. Ruzuku ya uendeshaji kwa mtoto wa msingi ni 10,000 kwa mwaka. Ondoa 4,000 ya vitabu inayobaki juu, shuleni inafika 6,000. Shule ya watoto 600 ina 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Hapo kuna chaki, kuna majaribio, kuna umeme, kuna bawaba za mlango zilizong'oka. Kuitumia hiyo 300,000 kihalali unahitaji muhtasari wa kamati ya shule, dokezo, hati ya malipo, stakabadhi ya EFD, kisha safari ya benki. Mwalimu mkuu walau ana posho ya madaraka, 200,000. Mwalimu wa fedha ana "asante mwalimu".

Hoja yangu ni kwamba katika ajira zijazo, kabla ya kutangaza walimu peke yao, iwekwe kada ya makarani na wahasibu wa kata. Mtu mmoja au wawili wakae ofisi ya Afisa Elimu Kata, wazunguke kwenye shule za kata hiyo. Kata ziko karibu 4,000 wakati shule za msingi za serikali zimepita 17,000, kwa hiyo sizungumzii kuajiri mhasibu kila shule. Vipindi vitakavyookolewa ni vingi kuliko mwalimu mmoja mpya anayeletwa halafu naye anapewa faili la fedha wiki ya kwanza.

Karibuni, matusi tuweke pembeni.

---

Babu wa Ubao

Mwanangu, nimestaafu zamani kidogo, acha nikupe chanzo cha hilo jambo, maana vijana mnadhani limeanza na mifumo.

Zamani chaki, madaftari ya maandalio na vitabu vilinunuliwa na wilaya. Mwalimu mkuu alikwenda boma kusaini na kubeba. Mgao ulikuwa mdogo na mwingine uliishia njiani, hilo tusifichane, lakini mwalimu hakuwa na kitabu cha fedha. MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, ilipoanza 2002 ndipo pesa zikaanza kuingia kwenye akaunti ya shule yenyewe, kamati za shule zikapewa nguvu, madarasa yakajengwa kwa kasi ambayo hatukuwahi kuiona. Lilikuwa jambo jema sana. Kijiji kikajua shule imepata shilingi ngapi, hesabu zilibandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Ila pesa zilishushwa, mhasibu akabaki boma. Tukapigwa semina ya siku chache namna ya kujaza daftari la fedha taslimu, tukarudi. Tuliona ni ya muda. Ndiyo hiyo hadi leo.

---

Hoja ya Mkaguzi

Nimefanya kazi ya uhasibu halmashauri, naomba nipinge kidogo kabla hamjalewa makofi.

Kwanza, kibali cha ajira hakitoki kwa DED, mkurugenzi wa halmashauri, wala TAMISEMI peke yao. Kinatoka Utumishi, ofisi ya Rais inayosimamia watumishi wa umma, na huko kila kada inapigania nafasi. Ukiomba wahasibu 4,000 wa kata, mtu wa afya atauliza kwa nini wasiwe wahudumu wa zahanati. Utamjibu nini?

Pili, na hapa mtanichukia, siyo walimu wakuu wote wanaotaka mhasibu. Nimekagua vitabu vya shule. Nimekuta hati za malipo hazina viambatisho, fundi amelipwa milango ambayo haipo, na mwalimu wa fedha anaapa kwamba alisaini tu. Akija mtu baki mwenye jicho la uhasibu, kuna watu watakosa usingizi. Kwa hiyo msilete hii hoja kana kwamba walimu wote wanalia mzigo, wengine mzigo wanaukumbatia.

Tatu, mhasibu wa kata atahitaji pikipiki, mafuta, kompyuta. Maafisa Elimu Kata waligawiwa pikipiki 2018. Nenda kaangalie zilizobaki zinatembea, na mafuta anaweka nani.

---

Chaki Kavu

Mkuu Hoja ya Mkaguzi, ya tatu nakubali bila ubishi. Kumpa mtu kituo cha kuzunguka bila mafuta ni kumwambia akae ofisini.

Ya pili ndiyo inanipa nguvu. Kama kuna mwalimu mkuu anayeogopa mhasibu, hiyo ni sababu ya kumleta, siyo ya kumwacha. Na yule mwalimu wa fedha "aliyesaini tu" ndiye ninayemtetea. Ni mwalimu wa Hisabati aliyepewa kalamu na bosi wake. Hoja ya ukaguzi ikija, anayeitwa kujieleza ni yeye, na daraja lake la mshahara ndilo linalosimama.

Kuhusu afya sina jibu jepesi. Lakini angalia, mwalimu tayari analipwa na serikali. Saa anazotumia kufukuzia mtandao wa FFARS zinalipwa mshahara wa ualimu. Gharama ipo tayari, tunailipa bila kuiona kwenye kasma.

---

Sufuria Kubwa

Naona mnaongelea mifumo tu. Mimi mama yangu anapika uji shuleni kijijini kwetu, ngoja niwaambie ya jikoni.

Waraka wa elimu bila malipo ulipotoka, serikali ikabeba ada na ruzuku, wazazi tukaachiwa sare na chakula cha mtoto wa kutwa. Sawa. Kwa hiyo chakula cha shule kinategemea wazazi wakubaliane kwenye mkutano, na mchango usiwe wa lazima. Sasa mpishi yeye ni nani kisheria? Hana mkataba. Hana bima. Analipwa mahindi baada ya mavuno, na mwaka wa ukame halipwi. Anaamka kabla ya adhana, kuni ni za watoto walizobeba, maji ni ya watoto waliyobeba.

Wageni wakija, iwe mdhibiti au mbunge, kitu cha kwanza kusifiwa ni "hapa watoto wanakunywa uji, utoro umepungua". Mwalimu mkuu anapigiwa makofi. Mama yupo nyuma ya jiko na moshi.

Mtoa mada, kwenye kada zako za kata umewasahau hao. Karani na mhasibu ni watu wa karatasi. Utoro haupunguzwi na karatasi.

---

Chaki Kavu

Umenipiga pazuri. Sina la kujitetea hapo zaidi ya kusema kwamba nilianza na kile kinachomtoa mwalimu darasani. Lakini na mpishi akikosekana siku moja, mwalimu wa zamu ndiye anageuka mpishi, kwa hiyo ni mule mule.

---

Nyayo za Turkana

Hamjambo ndugu zetu. Nasoma nikiwa upande wa Kenya na naona mnatamani kitu ambacho sisi tunacho nusu nusu.

Huku mwalimu ameajiriwa na TSC, tume ya walimu. Wafanyakazi wengine, yaani karani, mhasibu wa shule, mpishi, bawabu, mtu wa maabara, wanaajiriwa na bodi ya usimamizi, ile BOM iliyowekwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Shule ya upili haiwezi kukaa bila mhasibu, ndiye anayeandika risiti za karo. Mwalimu mkuu huku akikwambia "nitakuangalizia kwa ofisi" anamaanisha kuna mtu kweli kwa ofisi.

Shida ni kwamba mshahara wao unategemea pesa za serikali za kila mwanafunzi, shilingi 22,244 kwa mwaka kwa shule ya upili ya kutwa, na hizo pesa zikichelewa mwalimu bado atalipwa na TSC mwisho wa mwezi, lakini karani na mpishi watangoja. Shule moja, kikombe kimoja cha chai, lakini mmoja ana payslip na mwingine ana ahadi. Shule za msingi ndizo taabani zaidi kwa sababu mgao wao ni 1,420 kwa mtoto kwa mwaka, hapo utamlipa nani?

Kwa hivyo mkipata hiyo kada, hakikisheni mwajiri ni yule yule wa mwalimu. Mkiwaachia kamati, mtarudi hapa na uzi mwingine.

---

Basi la Njano

Nipo Ohio, Marekani, kazi yangu ni udereva wa basi la shule, basi naona niseme kidogo.

Wilaya ya shule ya huku siyo wilaya ile ya DC na DED. Ni mamlaka inayojitegemea, kazi yake ni shule tu, na ziko kama 13,000 nchi nzima. Ina bodi inayopigiwa kura na wananchi, bodi inaajiri mkuu wa wilaya ya shule, naye ndiye bosi wetu sote. Mwalimu, dereva, mpishi, nesi, fundi bomba, karani wa mapokezi, msaidizi wa mtoto mwenye ulemavu, wote mwajiri mmoja. Kwa hesabu ya nchi nzima walimu ni karibu nusu tu ya watu wanaolipwa na shule za umma. Nilipofika hilo lilinishangaza, maana nilizoea shule ni walimu na kengele.

Lakini msidhani ni peponi. Ada ya hayo yote ni kodi, sehemu kubwa kodi ya majengo, na huku Ohio wilaya ikitaka kuongeza kodi inakwenda kupiga magoti kwa wapiga kura. Wakikataa, mara nyingi tunaoguswa mapema ni sisi tusioshika chaki.

Mwaka 2023 mwezi Machi, kule Los Angeles, watu wa kada hizo waligoma siku tatu. Walikuwa kama 30,000, madereva, wapishi, wasafishaji, wasaidizi wa darasa, na chama chao kilisema wastani wa kipato chao ulikuwa dola 25,000 kwa mwaka, mji ambao kodi ya nyumba peke yake inaweza kumeza hizo. Walimu wakawaunga mkono, hawakuvuka mstari wa wagomaji kuingia kazini. Wilaya yenye wanafunzi zaidi ya laki nne ikafunga shule. Meya Karen Bass akaingia kati kuwasuluhisha, na makubaliano yakatoka na nyongeza ya asilimia 30. Hapo ndipo wengi walijua shule inaendeshwa na nani asubuhi kabla mwalimu hajafika.

---

Hoja ya Mkaguzi

Asilimia 30. Ngoja nikanywe maji.

---

Kitengo Maalumu

Basi la Njano umegusa mtu ninayemtafuta kila siku: msaidizi wa mtoto mwenye ulemavu.

Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu, nimepita chuo cha Patandi. Nina kitengo ndani ya shule ya msingi ya kawaida, watoto wenye ulemavu wa akili na wawili wenye usonji. Kuna mtoto wa kubadilishwa nguo, kuna mwenye kifafa, kuna anayekimbia geti likiwa wazi. Hapo hapo natakiwa nifundishe kuhesabu. Nikimpeleka mmoja chooni, darasa limebaki na nani? Na mwezi ukiisha Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri, ambaye naye yuko peke yake kwa wilaya nzima, anataka takwimu kwa aina ya ulemavu, jinsia na umri. Namwelewa, naye anaulizwa na mkoa.

Mama mmoja mzazi alijitolea kukaa na sisi asubuhi. Siku akija, tunafundisha. Asipokuja, tunalea. Tofauti ni kubwa kiasi hicho, na ni mtu mmoja asiye na cheti chochote.

---

Mgeni Njiani

Uzi mzuri. Swali kwa mtoa mada: umefikiria 2028? Kwa mtaala mpya walioanza darasa la tatu 2024 watamaliza msingi darasa la sita 2027, na waliokuwa la nne 2024 watamaliza la saba 2027 hiyo hiyo. Januari 2028 makundi mawili yanaingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Watu wanaongelea madarasa na madawati. Usajili wa mtihani wa makundi mawili, uhamisho, fomu za kujiunga, nani anazifanya?

---

Chaki Kavu

Jibu unalijua. Na usisahau madarasa nayo yanajengwa na nani. Zile pesa za UVIKO za 2021, madarasa 15,000 nchi nzima, zilikuja kwa utaratibu wa fundi wa mtaani. Mkuu wa shule alikuwa ndiye mnunuzi wa saruji, mpokea mchanga, mlinzi wa nondo na mwandishi wa taarifa ya kila jioni kwenye kundi la WhatsApp, na picha ziambatanishwe. Madarasa yalikamilika, tena kwa wakati. Kidato cha nne cha mwaka ule mwalimu wao wa Fizikia alikuwa anahesabu mifuko.

---

AEK wa Milimani

Nimekuwa nasoma kimya. Mimi ni Afisa Elimu Kata, na hicho mnachopendekeza kwetu kipo kwa njia ya panya tangu mwaka jana.

Shule nne za msingi za kata yangu zilikubaliana kumchukua binti mmoja aliyemaliza kidato cha sita, anajua kompyuta vizuri. Jumatatu hadi Alhamisi anakaa siku moja kila shule, Ijumaa yuko ofisini kwangu. Anaingiza takwimu, anapanga hati za malipo kwa tarehe, anachapa mitihani, anaandika mihtasari ya kamati kutoka kwenye daftari la katibu. Nywila za mifumo hana, mwalimu mkuu anaingia mwenyewe, yeye anaandaa kila kitu kwenye karatasi ili mwalimu akikaa mtandaoni amalize kwa nusu saa badala ya siku nzima.

Matokeo niliyoyaona: taarifa zangu za wilayani zinatoka kwa wakati, na nikipita madarasani baada ya saa nne nawakuta walimu. Kabla ya hapo ilikuwa nikipita nawakuta ofisini wameinamia kishikwambi kimoja chenye bando.

Ugumu uko kwenye malipo. Ruzuku haina kifungu cha kumlipa mtu mshahara, kwa hiyo wazazi wanachangia kwa hiari, na hiari mnaijua. Miezi miwili ya kiangazi alilipwa nusu. Akipata kazi mjini ataondoka, na sitamlaumu.

---

Hoja ya Mkaguzi

AEK, hilo nimelipenda, lakini niulize kama mhasibu: nani ameidhinisha? Pesa zinapita wapi, na stakabadhi anatoa nani?

---

AEK wa Milimani

Kamati nne za shule zimeidhinisha, mihtasari ipo na sahihi zipo, binti mwenyewe ndiye aliyeichapa. Stakabadhi anatoa mweka hazina wa kamati. Mdhibiti ubora alipita akaandika kwenye taarifa yake "ubunifu wa kata". Mkaguzi wa ndani hajafika bado.

---

Hoja ya Mkaguzi

Akifika mwambie anione kwanza.